Mwamba Tuliosema Umekufa

Februari, siku ya bamvua, tulishuka na madaftari yetu kwenye miamba ya Oysterbay, Dar es Salaam. Muhula mzima tulikuwa tumeisoma Laudato si', na tulitamani kuliona jeraha la dunia kwa macho yetu. Tukaliona, au tulidhani hivyo: mwamba mkavu, mwani mchache uliopauka hadi kuwa mweupe, na akina mama wakichokoa pweza. Jumamosi ile, kwenye jumuiya ndogondogo, tulisema wazi kwamba wanaokanyaga miamba kila siku ndio wanaoiua. Baadhi yao walikuwa wamekaa mkekani mbele yetu. Hawakujibu neno.

Julai tukarudi. Upepo wa kusi ulikuwa ukivuma, mawimbi yakirusha manyunyu hadi juu. Mwamba uleule ulikuwa umefunikwa, hata pa kuweka mguu tukapakosa. Kulikuwa na mwani wa kijani mwembamba kama jani la saladi, wa kahawia wenye vipovu vya hewa, na ule uliotandaa kama kipepeo cha kupepea jiko, ukiwa na chokaa nyeupe juu yake. Orodha ya Februari haikujaza hata nusu ukurasa. Hii ilitulazimu kufungua ukurasa wa pili.

"Mafrateri, mwamba haukufa," mama mmoja alituambia, bila kutucheka. "Jua lilikuwa kali."

Wakati wa kaskazi bahari hutulia na maji hufikia nyuzi 29 na zaidi. Siku za bamvua maji hutoka asubuhi, mwamba ukabaki juani hadi adhuhuri. Mwani huungua. Hupona ule wa kwenye vidimbwi na nyufa, na mashina yaliyong'ang'ania jiwe, ambayo huchipua tena. Kusi huleta maji ya baridi kidogo, mawingu na manyunyu, ingawa huohuo hung'oa mwani na kuutupa ufukweni marundo kwa marundo.

Si kwamba hakuna kinachoharibika. Zanzibar, wakulima wa mwani, wengi wao wanawake, wameona kotonii, aina yenye bei nzuri, ikifa kwa maji kuzidi joto. Na miguu huumiza mwani, hilo nalo ni kweli. Ila sisi tulitazama siku moja ya msimu mmoja, tukahukumu watu.

Jumamosi iliyofuata tuliomba radhi mbele ya jumuiya. Yule mama alitusikiliza, kisha akauliza kama Februari tutarudi, maana kuna vidimbwi ambavyo hatukuvifikia.