Mwezi Mwandamo na Taa ya Jirani

Jioni ya tarehe 29 Rajabu ilitukuta Karurumo, karibu na Runyenjes, kando ya barabara ya Embu kwenda Meru. Baada ya swala ya Magharibi tulitoka uani pamoja na watoto wa mwenyeji wetu kuutafuta mwezi mwandamo. Hatukuona ila taa ya jirani: mulika mwizi, nyeupe, imeelekezwa nyusoni mwetu.

Mama wa nyumba alitueleza kuwa mwanga ule huingia hadi chumba cha kulala, na kwamba uani kwake hana tena sitara. Jirani naye ana hofu yake, ya wezi wa makadamia, na hofu hiyo si ya kubezwa.

Tulimwendea na mwenyeji wetu, tukamwomba asimame tuliposimama. Akakinga macho kwa kiganja, akakiri kuwa mwizi akijibanza nyuma ya taa ile hamwoni. Nuru kali hupofusha. Sisi wa pwani tunalijua hili kwa kasa wa Watamu: vitoto vyao vinapoanguliwa hufuata mng'aro wa bahari, na taa za majumba huvipoteza vikaelekea nchi kavu.

Fikihi ina kanuni mashuhuri, kwamba madhara huondolewa. Nayo haikumtaka jirani akae gizani. Taa iliinamishwa itazame ardhi, ikavishwa kofia ya bati. Kazi ya robo saa!

Mwezi, kama ulikuwapo, ulikwisha tua. Kwa kukosa habari ya kuonekana kwingine, tukakamilisha 30.