DAC ya kujiundia: umeme wa Hamburg na umeme wa Morogoro

Hapa Hamburg ninakoishi, mtu akitaka kuboresha DAC aliyoiunda mwenyewe huanza kwa kuuliza atumie chipu gani. Morogoro, kwa mafundi redio, swali la kwanza ni umeme utakuwaje ikifika saa mbili usiku, majirani wote wamewasha pasi na majiko. Nimecheza na vifaa hivi pande zote mbili, na naona mafundi wa Morogoro ndio wanaoanza mahali panapostahili.

Kwa ambaye hajaishika, DAC hupokea muziki ulioandikwa kwa namba, kutoka kwenye kompyuta, simu au CD, na kuugeuza kuwa umeme unaopanda na kushuka, ule ambao amplifaya huukuza mpaka spika itikisike. Wapenzi wa kujiundia hununua bodi ndogo yenye chipu kama PCM5102A ya Texas Instruments, wakaiunganisha na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, kisha kazi ya kuichokonoa ikaanza.

Muziki wa CD umegawanywa katika ngazi 65,536. Sauti inayotoka kwenye DAC, ikiwa kubwa kabisa, hufika kama volti 2 kwa kipimo cha kawaida, yaani kutoka bonde hadi kilele ni volti 5.7 hivi. Gawanya, utapata ngazi moja ni mikrovolti 86 tu. Sasa chukua chaja ya simu: volti zake 5 huja na mtikisiko unaoweza kufika milivolti makumi. Chipu huuzuia sehemu kubwa, lakini haiuzuii wote, na kiasi kinachopenya hukaa palepale kwenye sauti ndogo kuliko zote: mkia wa uzi wa gitaa, pumzi ya mwimbaji kabla ya kuingia. Nyimbo za Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz zilirekodiwa kwenye tepu, na tepu ina mvumo wake. Sioni sababu ya kuuongezea mvumo wa chaja.

Ndiyo maana kazi yenye faida kubwa kwenye DAC ni kuibadilishia chakula, yaani umeme unaoiendesha. Hamburg njia ni nyepesi. Umeme wa ukutani ni volti 230 na hautikisiki kirahisi, kwa hiyo watu huchukua transfoma ya volti 9, dayodi nne, kapasita kubwa na regyuleta ya kutuliza volti. Wengi siku hizi hununua bodi iliyokwisha kuchomelewa LT3045, regyuleta ambayo kelele yake ni mikrovolti 0.8 tu. LM317 ya zamani, ikitoa volti 5, ina kelele ya mikrovolti 150 hivi. Tofauti hiyo ni ya kweli na inapimika. Wako pia wanaolipa mamia ya euro kwa boksi la umeme lililofungwa kwa alumini nene, na wanaonunua waya wa ukutani wa bei ya kutisha. Waya huo haubadilishi kitu. Transfoma, kapasita na regyuleta vilivyo nyuma yake ndivyo vinavyoamua.

Chukua mpango huohuo wa Hamburg, ukiwa na LM317, upeleke Morogoro bila kuugusa, utaanguka. Transfoma ya volti 9 ikipita kwenye dayodi na kapasita hutoa volti 11 na kidogo. Umeme wa mtaani ukishuka hadi 170, zinabaki volti 8. Kapasita ya mikrofaradi 4,700, DAC na Raspberry ndogo zikivuta miliampea 200, huacha bonde la karibu nusu volti mara 100 kwa sekunde. LM317 inahitaji volti mbili na zaidi juu ya zile inazotoa. Umefika ukingoni: umeme ukishuka kidogo tena, muungurumo unaingia kwenye spika na hakuna chipu ya bei itakayouondoa.

Fundi mmoja wa Mji Mpya, Morogoro, hakuwahi kuandika hesabu hiyo, lakini anaijua kwa mikono. Yeye huweka transfoma ya volti 12, aliyoing'oa kwenye redio kaseti iliyokufa, anakubali joto linalozidi na kuifunga regyuleta kwenye bati nene la alumini. Kapasita zake ni za volti 35 kwa sababu kuna siku umeme unapanda badala ya kushuka. Zile za volti 16 ambazo huku zinatosha kabisa, kwake zingevimba tumbo. Na transfoma hiyo nzito ya chuma na shaba, ambayo huku inauzwa kama kitu cha anasa, kwake imerundikana chini ya meza pamoja na amplifaya zilizoungua.

Kitu kilichonishika zaidi ni namna anavyopima. Huku kwenye karakana ya mtaa kuna osiloskopu. Unaweka ncha, unautazama mtikisiko kwenye kioo. Fundi hana. Anachukua iyafoni kuukuu, anaiunga mfululizo na kapasita ili volti zilizotulia zisipite, kisha anagusisha kwenye njia ya umeme ya bodi na kusikiliza. Alianza na chaja ya simu, akanipa iyafoni: mluzi mwembamba, na chini yake mngurumo. Akahamia kwenye LM317: mngurumo ulikuwepo bado, hafifu. Hapo akachukua kapasita ya mikrofaradi 10, akaichomelea kutoka mguu wa kurekebishia hadi ardhi, akanirudishia. "Haya mwanangu, sikiliza tena." Mngurumo umezama. Karatasi za watengenezaji zinasema hivyohivyo: kapasita hiyo moja huiongezea LM317 nguvu ya kuzuia mtikisiko kwa desibeli 15 hivi, yaani unaopita hupungua zaidi ya mara tano. Ni kapasita ya bei ya andazi.

Mwisho akagusisha kwenye betri ya sola ya volti 12. Kimya.

Hapo ndipo nyumbani Morogoro pana utajiri usiosemwa. Wapenzi wa sauti Ulaya hununua betri za lithiamu-chuma-fosfeti kwa makusudi, wakilipa ziada ili DAC isiguse umeme wa ukutani. Nyumbani betri ipo tayari, imenunuliwa kwa ajili ya taa na giza la mgao. Lakini wengi huitumia kwa kuzunguka: betri inaingia kwenye invata, invata inatengeneza volti 230, kisha chaja ya simu inazirudisha kuwa 5. Kila mgeuzo unaongeza kelele. Toa waya moja kwa moja kutoka kwenye betri, weka fyuzi karibu kabisa na kichwa chake cha chanya (betri ya risasi ikipata shoti inayeyusha waya na kuwasha moto), pitisha kwenye regyuleta, umemaliza. Sikiliza usiku, kwa sababu mchana kidhibiti cha sola kinachaji kwa kuwasha na kuzima haraka, na makelele yake hufuata waya mpaka kwenye bodi.

Huku tumewazidi kwa vitu viwili tu. Kwanza, vipuri vya kuaminika. Nikiagiza LM317 najua kilichomo ndani. Nyumbani fundi anaweza kununua iliyochapwa jina juu ya kitu kingine, na ataigundua ikishapata moto. Pili, maandishi. Huku kila chipu ina karatasi zake, watu wanazisoma na kubishana juu yake. Fundi wangu anajifunza kwa vilivyoungua. LT3045 nilizompelekea zilimfurahisha, lakini ni chipu ya milimita tatu yenye bati la joto chini ya tumbo, haichomeleki kwa pasi yake nene. Nilimpelekea zilizo tayari kwenye bodi, na ikiungua hawezi kubadilisha.

Aliniomba jambo moja: karatasi ya Kiswahili ya kubandika ukutani juu ya meza yake, ili na wanafunzi wake waisome. Nimeanza na miguu. Ukiitazama LM317 kwa mbele, mguu wa kushoto ni wa kurekebishia, wa kati ni wa kutokea, wa kulia ni wa kuingilia. Regyuleta ya 7805, kushoto ni kuingilia, kati ni ardhi, kulia ni kutokea. Zinafanana umbo, na atakayeng'oa moja na kupachika nyingine bila kuhamisha waya ataiunguza bodi yote. Ukurasa wa pili utakuwa wa volti za transfoma, kwa umeme wa 170 na wa 260.