Mti Unaouawa kwa Gome Lake

Ukipata siku mbili za likizo na watoto wamechoka kukodolea televisheni macho, wapeleke Kakamega. Mjini usikawie. Shika barabara ya Kisumu hadi Khayega, kisha ukunje kushoto kuelekea Shinyalu na Isecheno. Mahindi na migomba itakusindikiza, halafu ghafla utajikuta kivulini. Huo ndio msitu wa Kakamega, kipande kilichosalia upande huu wa mashariki cha msitu wa mvua ambao zamani uliungana na ule wa Kongo.

Tafuta mtu wa kukuongoza, wala usione uchungu kumlipa. Mwambie akuonyeshe mwiritsa. Wakikuyu huuita muiri, na Wakalenjin tenduet. Ni mti mrefu, waweza kufika mita 40, na gome lake jeusi limepasukapasuka kama tope la bwawa lililokauka. Fikicha jani lake unuse: harufu ya lozi chungu! (Watoto wasilitafune, lina sumu.) Mti huu ni wa jamii moja na plamu na pichi tunazonunua sokoni.

Mzee aliyetuongoza alitusimamisha mbele ya mmoja uliokuwa mkavu, hauna hata jani.

“Uliungua, mzee?” nikauliza.

“La, mwanangu. Walikuja usiku wakaubambua.”

Tazama basi maajabu ya mti. Chakula kinachotengenezwa na majani hushukia mizizini kupitia ndani ya gome. Ukilibandua gome kuuzunguka mti mzima, mizizi hufa njaa. Mwizi huenda na gunia lake, mti ukabaki kufa polepole umesimama.

Gome hilo wazee wetu walilichemsha tangu kale kutibu kifua na tumbo. Kisha mwaka 1966 Mfaransa mmoja akapata hataza ya dawa itokanayo nalo, ya kuwatuliza wanaume wenye uvimbe wa tezi kibofu, wale waamkao usiku mara nne kwenda haja ndogo. Magunia yakaanza kusafiri Ulaya kutoka Kamerun, Madagaska na hata hapa Kenya. Tangu 1995 mkataba wa kimataifa uitwao CITES unadai kibali kwa kila shehena, na wataalamu wameuorodhesha mti huu miongoni mwa ile iliyo hatarini. Hata hivyo, gome laweza kuchukuliwa bila kuua: unabandua robo upande huu na robo upande wa pili, kisha unauacha mti miaka kadhaa upone. Lakini nani atapima robo gizani, akisikiliza nyayo za askari wa msitu?

Mimi siwezi kuwacheka wagonjwa wa Ulaya, maana baba yangu mzazi ana maradhi hayo hayo.

Matunda yake madogo hupendwa na kima, mbega na hondohondo, nao ndio wanaozisambaza mbegu. Mbegu hizo hazikai ghalani. Zipandwe upesi zingali mbichi, la sivyo hazioti. Kwa hiyo tulinunua miche miwili iliyokwisha kuota, tukaipeleka nyumbani kwa baba, Limuru. Mmoja uliliwa na mbuzi wa jirani. Wa pili sasa wanifika begani, na baba ameuzungushia ua wa miiba.