Kifaa Kikipotea, Nani Anaulizwa?

Stoo ya vifaa niliyoitumikia ilikuwa ndani ya karakana ya kiwanda kimoja cha saruji, ukanda wa pwani. Ukutani kulikuwa na ubao mpana uliopigiliwa misumari, na chini ya kila msumari jina la kifaa limeandikwa kwa rangi nyeupe: winchi ya cheni ya tani mbili, jeki ya haidroli, grainda kubwa, toki renchi. Kila fundi alikuwa na visahani vyake vya shaba vilivyogongwa namba yake ya kazi. Ukichukua grainda, unaacha kisahani kwenye msumari wa grainda. Ukirudisha, unachukua kisahani chako. Ni utaratibu wa karakana za zamani za Waingereza, na ulitufaa kwa sababu haukutaka kalamu wala maneno mengi. Ukitupa jicho ubaoni ulijua nani kachukua nini.

Ila ubao ule haukujua kifaa kiko wapi. Fundi anachukua winchi asubuhi, anaipandisha juu ya mnara wa kupashia malighafi, shifti inaisha kazi haijaisha, anamwachia mwenzake wa usiku. Wa usiku anaiazima kwa watu wa umeme. Wiki ikipita, winchi haina anayejua ilipo, lakini kisahani bado kinaning'inia na namba ya mtu wa kwanza. Huyo ndiye aliyeitwa ofisini. Akikosa jibu, alikatwa mshahara.

Namkumbuka fundi mmoja wa kuchomelea, mtu mkimya, mchapakazi, aliyekatwa kwa ajili ya winchi ya namna hiyo. Winchi ilionekana katika matengenezo makubwa ya mwaka uliofuata, nyuma ya bomba la hewa ya moto, imefunikwa na vumbi hadi haitofautiani na chuma kilichoizunguka. Fedha zake alirudishiwa. Lakini miezi yote ile walinzi wa getini walikuwa wakimfungulia mfuko wa chakula mbele ya wenzake kila jioni, na hakuna aliyemrudishia hilo.

Nalieleza mapema kwa sababu wanaouza tagi za redio hueleza faida zake kwa hesabu ya saa zinazookolewa na vifaa visivyonunuliwa mara mbili. Hesabu hizo ni za kweli, na mwenye kiwanda ana haki ya kuzijali. Kwetu sisi wa dirisha la stoo, badiliko kubwa lilikuwa katika swali linaloulizwa kwanza. Zamani kifaa kisipoonekana tuliuliza: nani? Siku hizi tunauliza: wapi? Na safari ya kutoka swali moja hadi jingine haikuwa fupi wala nyoofu.

Baada ya visahani ilikuja leja, kisha kompyuta, kisha stika za msimbopau. Msimbopau ulikuwa umeshathibitika madukani tangu Juni 1974, pale pakiti ya jojo iliposomwa kwa mara ya kwanza katika duka moja la mji wa Troy, jimbo la Ohio, Marekani. Ili usomeke, lazima kisomaji kiuone, na saruji ni vumbi linaloingia kila mahali. Changanya vumbi hilo na grisi na jasho la mikono, na unyevu wa bahari juu yake, stika haimalizi msimu. Tukawa tunaandika namba kwa mkono kama zamani, na kompyuta iko mezani.

Tagi ya redio haihitaji kuonekana. Ile ya kawaida haina hata betri. Kisomaji hurusha mawimbi, antena ndogo ya tagi hunasa sehemu ya nishati yake, chipu inaamka, kisha tagi inajitaja kwa kubadili namna inavyoyaakisi mawimbi yale yale yaliyoiamsha. Wazo si geni. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ndege za kijeshi zilikuwa na chombo cha kujibu rada ili zisidunguliwe na watu wa upande wao, na mwaka 1948 Harry Stockman alichapisha makala kuhusu mawasiliano ya redio kwa nguvu iliyoakisiwa. Kilichochelewa ni chipu ndogo na bei inayovumilika.

Katika historia yote hiyo, kisa kinachonigusa zaidi ni cha Vita vya Ghuba vya mwaka 1991. Jeshi la Marekani lilipeleka makontena yapatayo 40,000, na zaidi ya nusu yalilazimika kufunguliwa ili ijulikane tu yamebeba nini. Ofisa aliyekosa dawa au vipuri aliagiza tena, shehena ya kwanza ingali bandarini. Mtu yeyote wa stoo anaielewa hali hiyo, kwani nasi tumeagiza beringi kutoka ng'ambo huku beringi kama hiyo imekaa rafu ya chini, ndani ya boksi lililoandikwa jina jingine. Baada ya vita jeshi hilo likaanza kufunga tagi zenye betri kwenye makontena. Mwaka 1999 kikaanzishwa kituo cha utafiti katika chuo cha MIT chenye lengo la kuifanya tagi iwe rahisi kiasi cha kubandikwa kwenye boksi la bidhaa. Mwaka 2003 kampuni ya maduka ya Walmart ikawataka wasambazaji wake wakubwa 100 waanze kutumia tagi kufikia Januari 2005, na mwishoni mwa 2004 kikapitishwa kiwango kimoja kilichowezesha tagi ya mtengenezaji huyu isomwe na kisomaji cha yule. Bei ikashuka hadi senti chache za dola.

Boksi la sabuni dukani, hata hivyo, si winchi ya chuma karibu na tanuri. Ndani ya tanuri la saruji mali hufikia nyuzijoto kama 1,450, na ganda lake la nje peke yake lina joto la kuunguza. Kuta ni bati, nguzo ni chuma, vifaa ni chuma. Chuma huyarudisha mawimbi na kuivuruga antena iliyobandikwa juu yake. Tagi za karatasi za majaribio zilisomeka vizuri zikiwa mkononi, tena kutoka mbali. Tulipozibandika kwenye winchi zikanyamaza kabisa, hata kisomaji kikizigusa.

Aliyetutoa hapo ni mhandisi kijana, binti aliyetumwa kutoka Dar es Salaam. Alikuja na tagi za plastiki ngumu na nyingine za kauri, zilizotengwa na chuma kwa tabaka maalumu ili antena ipate nafasi ya kufanya kazi. Kabla hajabandika hata moja aliuliza, "Mzee, hii winchi ikifanya kazi, inagongwa wapi?"

Hakuna mtu wa kompyuta aliyewahi kuniuliza swali la namna hiyo. Nikamwita foromani wa mitambo, tukaitundika winchi kwenye boriti, akaivuta juu na chini mbele ya mhandisi. Cheni ikipanda inachapa ubavu wa kushoto. Kulabu ikiachiwa inayumba na kugonga tumbo. Mgongoni watu huiburuta sakafuni. Mahali pekee palipokuwa salama ni upande wa kibati cha kiwanda kinachoonyesha uzito wa mwisho wa kubeba, penye kibonyeo kidogo. Mhandisi akataka kutoboa afunge tagi kwa ribiti, foromani akamkatalia, "Hapana, binti yangu. Kifaa cha kunyanyulia mzigo hakitobolewi." Basi ikabandikwa kwa gundi ya kuchanganya na kukazwa kwa mkanda mwembamba wa chuma cha pua usiopita juu ya antena. Nilipostaafu, tagi ile ilikuwa bado inasomeka.

Antena zikafungwa mlango wa karakana, mlango wa stoo na njia ya kwenda kwenye vinu. Kwa mara ya kwanza niliweza kuandika namba ya kifaa na kuambiwa kilipita mlango upi na saa ngapi. Kipindi cha kuzima tanuri, ambacho wote tunakiita shatidauni, mafundi wa nje huingia kwa makundi na vifaa huhama mikono usiku na mchana. Zamani baada ya shatidauni tulitafuta vitu kwa majuma. Sasa nilikuwa namtuma kijana ghorofani akiwa na kisomaji cha mkononi, na kadiri anavyokikaribia kifaa ndivyo mlio unavyoongezeka. Vingi tulivyokuwa tumeviandika kuwa vimeibwa vilikuwa ndani ya uzio, vimesahauliwa.

Hapo ndipo imani ilipozidi kiasi. Katika shatidauni moja rekodi ilionyesha toki renchi imepita mlango wa karakana kwenda nje saa nane usiku. Kadi iliyofungua mlango muda huo ilikuwa ya kijana wa mafunzo ya ufundi. Asubuhi akaitwa. Safari hii hakukuwa na kisahani cha kubishania, kulikuwa na kompyuta, na watu huiogopa kompyuta kuliko walivyoogopa leja. Kijana alitetemeka hadi maneno yakamkauka. Nikaomba asikatwe chochote mpaka mhandisi aje.

Mhandisi alipofika hakuanza na kijana, alianza na mlango. Akauliza usiku ule kulikuwa na nini nje. Mlinzi akakumbuka: lori la matofali ya tanuri lilirudi kinyumenyume na kusimama hapo hadi alfajiri. Mhandisi akaomba lori lirudishwe mahali pale pale. Kisomaji kikaanza kutaja vifaa vilivyotundikwa kwenye rafu ndani ya karakana, mbali na mlango, ambavyo hakuna mkono uliovigusa. Bodi ya chuma ya lori ilikuwa ikiyapokea mawimbi na kuyarudisha ndani. Lori lilipoondolewa, kisomaji kikatulia. Toki renchi tuliikuta chini ya benchi la kazi, imefunikwa na ovaroli.

Nguvu ya antena ikapunguzwa, ikaongezwa antena ya pili ili ijulikane kifaa kinaingia au kinatoka, na kusomwa mara moja tu kukaacha kuhesabiwa. Hayo ni ya ufundi. Lililonigharimu ubishi zaidi ni lile la utaratibu, nami nililishikilia hadi likaandikwa: rekodi ya tagi inaanzisha msako, na hakuna mfanyakazi atakayeitwa kujieleza kabla kifaa hakijatafutwa pale kiliposomwa mwisho. Antena inajua namba imesikika karibu nayo, basi. Mkono wa nani ulikuwapo, haijui, na anayelazimisha ijue anamdhulumu mtu.

Faida iliyonifurahisha kuliko zote haihusu hata kupotea. Vifaa vya kunyanyulia mizigo ni lazima vikaguliwe, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 haina mzaha katika hilo. Tulikuwa tukipaka kila kifaa kilichokaguliwa rangi ya kipindi hicho, na rangi hufutika, au hupakwa na mtu mwenye haraka. Namba ya tagi ikaunganishwa na cheti cha ukaguzi. Fundi akija dirishani kuchukua mkanda wa kunyanyulia uliopitwa na tarehe, kompyuta inakataa kuutoa, na mimi sina mamlaka ya kuilazimisha. Nimeshuhudia mkanda ukikatika mota ikiwa hewani, na watu wakaokoka kwa sababu tu walikuwa wamesogea kunywa maji. Kwa hilo peke yake ningezitetea tagi mbele ya mhasibu yeyote.

Nilipokaribia kuondoka ziliingia tagi zenye betri zinazotumia Bluetooth ile isiyokula umeme mwingi, iliyotokea mwaka 2010. Zilifungwa kwenye kompresa na mashine za kuchomelea, vitu vikubwa vinavyosukumwa huku na huko. Zinajitaja zenyewe kila baada ya muda, na ukitaka betri idumu miaka unazipunguzia usemaji.

Sasa yapo mazungumzo ya kutia tagi kwenye kofia ngumu za wafanyakazi. Tawi la chama cha wafanyakazi liliniita nitoe maoni, nami nikaenda na sura mbili za jambo hilo. Mtu anapoingia ndani ya tanuri lililozimwa au ndani ya ghala la klinka, walio nje wanapaswa kujua bila kubahatisha kwamba yumo, na kwamba ametoka. Hapo tagi iwepo, na iwepo kesho. Kumfuata mtu kantini, chooni na msikitini ni jambo jingine, na tangu mwaka 2022 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ambayo mwajiri anatakiwa kuisoma kabla hajaagiza kofia hizo. Nilipendekeza kisomaji kifungwe kwenye milango ya sehemu hizo za hatari tu, kumbukumbu zifutwe shifti inapoisha ikiwa hakuna ajali, na funguo za mfumo zishikwe na afisa usalama pamoja na mwakilishi wa wafanyakazi. Menejimenti imekubali mawili ya kwanza. La tatu bado linajadiliwa.