Bidoni ya manjano haina jina

Juma lililopita tuliomba wanafunzi wetu wa darasa la tano wachore kitu kimoja kinachouzwa kwao nyumbani. Wengi walichora maharagwe, makala, mafuta. Binti mmoja alichora bidoni ya manjano ya kasiksi ya mama yake, bila neno lolote juu. Mvulana wa nyuma, anayeshindwa kunakili sentensi moja ya ubaoni, alichora sashe ya pombe kali: rangi zote, herufi zote, hata asilimia ya alkoli. Hakukosa hata moja.

Tuliisimulia kwenye likelemba. Mama mmoja wa kasiksi akatuuliza: «Walimu, ninyi wenye mwandiko mzuri, kwa nini yangu haina karatasi juu?»

Swali la haki. Diploma zetu za ISP, nyingi zililipwa na ndizi zilizokamuliwa na mama zetu. Uganda walikuwa na enguli ya vijijini. Katika miaka ya 1960 sheria ikawaambia wapishi waiuze kwa kiwanda cha serikali, kikaisafisha na kuitia katika chupa ya Uganda Waragi. Pombe ya kijiji ikapewa jina la inchi. Afrika ya Kusini walichukua tunda la porini, wakaweka tembo kwenye chupa, na Amarula inauzwa mpaka Ulaya. Hapa karibu, Mutwanga, kakao yetu inatoka ikiwa chokoleti yenye jina la Virunga. Majina tunayo.

Ila karatasi peke yake haitoshi. Kasiksi haiachi kuchacha: funga chupa leo, kesho kutwa kifuniko kinaruka. (Tulijaribu. Ukuta wa jiko ungali na alama.) Kwanza ipashwe moto kwa kipimo ili itulie, nguvu yake ipimwe, ndipo tuandike. Na kanyanga, ambayo matone yake ya kwanza yanaweza kupofusha mtu, hiyo hakuna mchoro wa kuisafisha.

Tena yule mvulana hatumsahau. Picha nzuri inafundisha kushinda sisi walimu. Tanzania ilikataza viroba Machi 2017. Kitu cha bei ndogo, chenye kuingia mfukoni mwa unifome, hakichagui mnunuzi. Kwa hiyo tulimwambia yule mama: chupa kubwa, sashe hapana.

Alhamisi tulimchorea. Mkungu wa ndizi, kilima, siku ya kukamua, na chini «Si ya watoto». Yeye alitaka mtoto anayecheka, eti anavuta wateja wa Beni. Tulikataa, tukabishana mpaka mvua ikanyesha, mwishowe akakubali mkungu. Jina ndilo bado. Anataka la mama mkwe wake, aliyemfundisha kukamua, ila anaona haya kuliweka juu ya pombe. Tumeacha nafasi tupu, pana kushinda picha.