Picha ya kanisa la matofali



Siku ya posho iliyopita tulitoka Kamalondo kwa miguu, wamama watano na binti mmoja, kwenda mjini mbele ya Katedrali ya Watakatifu Petro na Paulo. Tumepita hapo tangu utoto. Safari hii tulikwenda kutengeneza kosa letu.

Majuma mawili mbele, binti huyo alituletea picha ya kanisa hilo aliyoipiga kwa telefone. Kuta zilionekana kama zinaanguka kwa nyuma. Mmoja wetu akasema: "Kanisa limelewa?" Tukacheka wote. Mkutano uliofuata hakuja. Mama yake akatuambia kwamba mtoto amefuta picha zake zote, hata ile ya nyumba ya zamani ya barabara yetu, iliyobomolewa mwezi uliopita. Hakuna mwingine aliyeipiga.

Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910, ukaitwa Élisabethville hadi 1966. Nyumba zake za matofali zinaondoka moja moja. Watoto wakiacha kuzipiga picha, wajukuu wetu wataona nini?

Mbele ya kanisa tulimwomba msamaha. Tukamwambia tulichopaswa kusema siku ile: alifanya vema kungoja magari yapite, na mlango aliuweka katikati. Kisha tukamwuliza: "Ulitaka tuone nini?"

Akajibu: "Matofali, mama."

Basi tukashika hilo tu. Mara ya kwanza alisimama karibu sana, akainamisha telefone ili apate paa. Ndiyo maana kuta zilikaribiana kule juu. Sasa akarudi nyuma, akaishika telefone wima, na kuta zikasimama. Tena siku ile ilikuwa saa sita, jua la utosi, rangi ikafifia. Sasa ilikuwa saa kumi na nusu; mwangaza wa pembeni ulionyesha kila mstari kati ya tofali na tofali. Yule mama wa "limelewa" alikwenda mwenyewe kusimama mlangoni, ili ukubwa wa kanisa uonekane.

Picha ni nzuri. Ile ya nyumba iliyobomolewa haitarudi.

Wamama, mtoto akikuletea kazi yake, taja kwanza kilicho kizuri, uliza alichokusudia, kisha mwonyeshe namna ya kukifikia. Siku ya posho ijayo binti yetu anakwenda kupiga picha kituo cha treni. Anayetaka kumsindikiza, aje.