Maji Niliyomwaga Kolo

Mwaka 1984, nikiwa mkufunzi wa historia katika chuo cha ualimu, niliwapeleka wanachuo wangu Kolo, wilayani Kondoa, kuona michoro ya miambani. Tulisafiri kwa lori la chuo, vumbi likitufuata njia nzima, kisha tukapanda mlima kwa miguu hadi kwenye mapango ya Mungomi. Nilijiandaa vilivyo. Nilikuwa na habari za Mary Leakey, aliyeinakili michoro ya Kondoa mwaka 1951, na za kitabu chake kilichotoka mwaka 1983.

Kumbe rangi nyekundu ilikuwa imefifia, na wanachuo waliosimama nyuma wakalalamika kwamba hawaoni kitu. Basi nikachukua dumu la maji ya kunywa, nikarusha vikombe viwili vitatu mwambani. Papo hapo wakajitokeza watu warefu, wembamba, na wanyama wa porini kando yao. Wanachuo wakapiga makofi. Sitaficha, nilijiona bingwa.

Mzee mmoja wa Kirangi alikuwa ametusindikiza, naye hakusema neno. Kabla ya kuteremka niliona mabaki ya tambiko: kipande cha chungu, na madoa ya pombe ya mtama juu ya mwamba. Watu wa huko huenda pale kuomba mvua na uponyaji. Nikawahubiria wanachuo, mzee akisikia, jinsi ujinga unavyoharibu urithi wa taifa uliolindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964.

Mzee akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, sisi tukimwaga pombe tunaomba. Wewe ulipomwaga maji ulikuwa unaomba nini?"

Nilicheka, na wanachuo wakacheka pamoja nami. Kicheko kile kinanisumbua mpaka leo.

Nilirudia safari hiyo miaka miwili mingine, dumu mkononi, kabla sijasoma kwamba maji huamsha chumvi iliyomo ndani ya jiwe, nayo ikikauka huacha utando mweupe juu ya rangi. Hivyo mimi, mlinzi wa urithi, nilikuwa nikiufuta kikombe kwa kikombe.

Mwaka 2006 UNESCO iliiingiza michoro ya Kondoa katika orodha ya urithi wa dunia: mapango zaidi ya 150 katika eneo la kilomita za mraba 2,336. Mwaka 2018 ikazinduliwa barabara ya lami kutoka Dodoma hadi Babati, inayopita Kolo. Aliyekula vumbi la zamani hawezi kuilaani lami. Lakini maendeleo yana mahitaji yake: mashamba, kuni, mkaa, mawe ya kujengea. Miti inayoyakinga mapango ikikatwa, jua, upepo na mvua hupata njia ya kuifikia michoro. Tena wapo wanaochimba sakafu za mapango wakitafuta mali inayosemekana ilifichwa na Wajerumani, na kumbe udongo wanaoutupa nje ndio wenye habari za watu wa kale.

Ndugu msomaji, nani atayalinda mapango yote hayo? Askari hawezi kulala katika kila moja. Sisemi kwamba pombe haidhuru. Inadhuru, kama maji yangu yalivyodhuru. Ila mtu anayeamini kwamba pango ni mahali pa kuombea ana sababu ya kumfukuza mchimbaji usiku, hata kama halipwi mshahara. Tukimfungia nje kwa jina la uhifadhi, tutabaki na kibao cha onyo na mwamba usio na mwenyewe. Afadhali wataalamu na wazee wakae pamoja na kukubaliana pombe imwagwe wapi, mbali na michoro, na nani atoe taarifa shoka likisikika. Ni mazungumzo ya subira, ambayo mimi mwaka ule niliyamaliza kwa kicheko.

Miaka michache iliyopita nilirudi na mjukuu wangu. Tulipofika pangoni akasema, "Babu, mbona sioni kitu?" Nikamwambia tukae, macho yazoee kivuli. Tulikaa kama robo saa bila kusema mengi. Kisha akanyoosha kidole: mmoja yule, na mwingine yule pale, na mnyama. Michoro ilikuwa imejitokeza yenyewe, bila tone la maji. Miaka yote ile kumbe kilichokuwa kikihitajika ni kukaa tu.

Nilimwuliza kijana aliyetuongoza habari za yule mzee. Alikwisha fariki. Swali lake sikumjibu alipokuwa hai, basi namjibu hapa: sikuwa nikiomba chochote, mzee wangu. Nilikuwa nikitafuta makofi. Uniwie radhi.